Mkono Uliokunja Unga

Vuta kiti, msomaji, maana wiki jana tuliachana pabaya. Mwokaji alikuwa amefungua kiwanda chake kidogo cha mikate, jua ndio kwanza linachomoza, akafunua donge la unga alilolichanganya jana yake jioni. Na pale juu ya unga, katikati kabisa, palikuwa na alama ya kiganja.

Kiganja cha kushoto. Kipana. Kidole cha pete kimeishia nusu.

Mkono wa namna hiyo aliujua kuliko alivyoujua wake mwenyewe. Ulikuwa mkono wa mumewe, aliyekatwa kidole na mkanda wa mashine ya kukandia, mwaka ule walipoanza biashara. Na mumewe alizikwa kabla ya mvua zilizopita.

Angepiga kelele. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini hapohapo mlango ukagongwa, ngo, ngo, ngo!

"Hodi wenyewe!"

Akarudisha kitambaa upesi, akafuta machozi kwa kiwiko. "Karibu," akasema, na sauti yake mwenyewe aliiona ngeni.

Aliyeingia alikuwa Mtathmini. Mama wa makamo, viatu bapa, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Kazi yake ni kutumwa na wawekezaji kwenda kuvitazama viwanda vichanga, na kusema neno moja tu. Akisema ndiyo, kiwanda cha Mwokaji kinapata wabia wenye mtaji wa kukisimamisha. Akisema hapana, jengo linarudi kwa shemeji yake, ndugu wa marehemu, naye ameshaahidi kulikabidhi kwa ile kampuni kubwa ya mikate iliyo ng'ambo ya barabara. Mkate wa marehemu utakuwa umezikwa naye.

"Umewahi, dada," Mwokaji alisema. "Tuliahidiana saa nne."

"Ndiyo maana nimekuja saa moja. Saa nne kila mtu ameshajipanga." Mtathmini hakukaa. Alizunguka chumba, akagusa tanuri, akagusa rafu, akachota unga mkavu akausugua kwa vidole. "Haya, mdogo wangu. Niambie. Una nini?"

"Tanuri ni zuri. Halijawahi kunisumbua."

"Mwenye hela ananunua mawili kesho. Kingine?"

"Unga tunachagua ule mzuri."

"Kwa muuzaji yuleyule anayewauzia wote. Kingine?"

"Wateja wananipenda."

"Wanaupenda mkate. Wewe wanakusalimia tu." Mtathmini alivaa miwani. Hakuwa mkali kwa ubaya. Alikuwa mkali kama muuguzi mwenye sindano, anayetaka mambo yaishe. "Sikiliza. Mimi nina maswali manne. Hicho ulicho nacho, kina thamani? Ni adimu? Mwingine akitaka kukiiga, ataweza? Na la nne, ambalo ndilo huwaangusha wengi: ni chako kweli? Yaani ukikiita kesho asubuhi, kitaitika?"

Jibu alilikariri wiki nzima mbele ya kioo. "Chachu," akasema. "Chachu yetu ni ya zamani, tunailisha kila siku kwenye chupa ile pale. Hakuna mwingine anayo."

Mtathmini akafungua mkoba, akatoa mkate. Mkate wa kampuni kubwa, bado una joto.

"Huu umeokwa kwa chachu yako," akasema.

"Haiwezekani!"

"Nimetoka kwao sasa hivi. Wenyewe wamejisifu. Wana chupa, na kwenye chupa wana chachu kutoka humu ndani. Shemeji yako amewapelekea."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Mwokaji alishika ukingo wa chano, lile sinia pana la mbao ambalo unga hukandiwa humo, ili asianguke. Shemeji! Aliyekuja kila Jumapili kuuliza hali, akanywa chai, akaomba na chupa ya chachu ya kujaribu.

"Basi nimekwisha," akasema.

"Ngoja." Mtathmini aliubana mkate wa kampuni karibu na sikio lake, kisha akaupeleka kwenye sikio la Mwokaji. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Hata mimi. Juzi nilinunua wako kwa siri pale dukani. Niliuweka sikioni ukiwa wa moto. Ulinong'ona."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililowapa jina. Mkate wao ukitoka tanurini, ganda lake huanza kupasuka nyufa ndogondogo unapopoa, ukasikika kama mtu anasema siri chumba cha pili. Watoto huuweka sikioni kwanza ndipo waule. Watu wa mtaa waliuita mkate unaonong'ona.

"Chachu wanayo," Mtathmini alisema, "lakini mnong'ono hawana. Kwa hiyo si chachu. Ni kitu gani?"

Sasa msomaji, hapa ndipo Mwokaji alipobanwa. Maana mnong'ono ule hata yeye haujui.

Mumewe alipofariki, mkate ulinyamaza. Alikanda vilevile, akaoka vilevile, nao ukatoka bubu. Wateja wakaanza kupungua bila kugombana naye, jambo linaloumiza zaidi. Kisha, asubuhi moja, alifika akakuta unga umeshakunjwa, laini, umetulia, na juu yake umepigwa unga mkavu kama alivyofanya marehemu. Aliuoka kwa woga. Ukanong'ona! Tangu hapo asubuhi nyingi zilikuwa hivyo. Hakumwambia mtu, hata mama mkwe wake aliyelala chumba cha nyuma. Alioka, akauza, akapokea sifa. Kila sifa ilimchoma, kwa sababu alijua mkono si wake.

Lakini alama ya kiganja ilikuwa haijawahi kuonekana. Mpaka leo.

"Ni mkono," akasema kwa unyonge.

"Vizuri. Mkono ni jibu zuri. Basi kanda nione." Mtathmini alisogelea chano. Mlikuwa na madonge mawili, kila moja na kitambaa chake. Akashika kitambaa cha donge la mbali.

"Dada, usifunue hilo!"

Alishachelewa. Mtathmini alitazama alama ile kwa muda, akainama, akaitazama tena.

"Huyu ni nani?"

"Mume wangu."

"Kwenye karatasi niliambiwa mumeo amefariki."

"Amefariki."

Mtathmini alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sasa nitaandikaje? Wafanyakazi: mmoja hai, mmoja marehemu?"

Mwokaji alitaka kucheka, akalia. Alilia kwa kwikwi mpaka mabega yakatikisika, akayasema yote: unga uliojikunja, asubuhi za woga, sifa asizostahili. Mtathmini hakumbembeleza. Alimvutia ndoo iliyogeuzwa, akamkalisha.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Shemeji!

Alikuwa nadhifu, viatu vinang'aa, mkono wa kulia mbele kusalimia, wa kushoto mfukoni. "Mheshimiwa umeshafika! Karibu sana. Shemeji, mbona humwandalii mgeni hata..." Macho yake yakatua kwenye chano. Uso ukamsawijika. "Funika hicho kitu."

"Umetoa chachu ya kaka yako, shemeji," Mwokaji alisema. "Umeipeleka kwa washindani wangu."

"Funika kwanza!"

"Nijibu!"

"Niliipeleka, ndiyo! Biashara gani hii ya kungoja miujiza? Mheshimiwa, wewe umeona mwenyewe." Alimgeukia Mtathmini, jasho limemjaa. "Andika. Andika kiwanda kina mzimu. Nani ataweka mali yake penye mzimu?"

"Mzimu unaokunja unga namna hii," Mtathmini alijibu, "wapo watu wangeuajiri." Akamgeukia Mwokaji. "Huu unga umekunjwa mara ngapi?"

"Leo mara moja tu, siku nyingine nikifika zote mbili zimeshapita. Unakunjwa alfajiri, halafu unakunjwa tena kabla jua halijagusa chano. Bila ya pili, hauwi kitu. Unalala."

Wote watatu wakatazama dirisha. Mwanga wa jua ulikuwa umeshuka ukutani, unatambaa taratibu kuelekea kwenye mbao.

"Basi anayekunja lazima arudi," Mtathmini alisema. "Na hana muda mwingi. Twendeni stoo."

"Mimi siingii kokote!" Shemeji alisema.

"Utaingia. Wewe ndiye uliyesema kuna mzimu. Mwenye habari hakimbii habari yake."

Wakaingia stoo, mlango wakauacha na upenyo. Shemeji alijibanza nyuma ya magunia, akijaribu kulisogeza moja kwa mkono mmoja, likamshinda. Mtathmini alimtazama. Mwokaji aliweka jicho kwenye upenyo.

Alikuwa anaogopa, ndiyo. Lakini msomaji, tusifichane: alikuwa pia anatamani. Kama mlango ungefunguka na mume wake akaingia na aproni yake, hata kwa muda wa kukunja donge moja, angetoka akamshika na asijali kama mwili una joto au hauna.

Mlango wa ndani, ule wa kwenda chumba cha nyuma, ukalia. Kriii.

Hatua. Nzito, za kuburuta.

Aproni ya marehemu ikaingia chumbani.

Shemeji alitoa sauti kama kuku aliyekanyagwa. Mtathmini akamziba mdomo. Mwokaji hakusikia lolote, kwa sababu aliiona aproni, na ndani ya aproni akaona mtu.

Ni mama mkwe wake.

Bibi huyu hakuwa ametoka kitandani tangu mazishi. Ndivyo walivyojua wote. Mwokaji alimpelekea uji kila asubuhi, akamgeuza, akamsugua miguu, na bibi akawa anatazama ukuta bila neno. Na kumbe ndiye huyu, ameshika ukingo wa meza, anasogea kwenye chano kama mtu anayekwenda kuonana na mpenzi wake!

Akafunua donge la karibu. Akanyoosha mkono wa kushoto. Kisha taratibu akakikunja kidole cha pete, akakificha kiganjani, akafumba macho.

Akakunja unga. Uzito wote ukaja kwenye kisigino cha kiganja, unga ukageuka, ukanyanyuka, ukajilaza. Midomo yake ilikuwa inatembea. "Haya baba, sukuma. Usiuonee. Haya, geuza. Ndiyo, baba yangu." Alipomaliza akaupaka unga mkavu juu mpaka alama zote zikapotea, akapiga ubao wa chano mara tatu. Pa. Pa. Pa. Hivyohivyo alivyomaliza marehemu kila siku ya maisha yake.

Mwokaji alijikuta ameshatoka stoo.

"Mama!"

Bibi hakufumbua macho. "Usinitazame, mwanangu. Ukinitazama ataondoka."

"Mama, unatembea? Siku zote hizi?"

"Sitembei mimi. Miguu yangu ilikufa naye. Inaamka alfajiri tu, kwa ajili ya hii." Akauinua mkono uliokunja kidole. "Nilijaribu kwa vidole vyote, unga ukanikataa. Nilimfundisha mimi kukanda akiwa mdogo, lakini alipokatika kidole alijifunza upya, akanipita. Sasa nikikikunja, naye anakuja. Mimi nampa mkono tu."

Kutoka nyuma ya magunia sauti ndogo ikasema, "Shikamoo, Mama."

"Na huyo mwizi wa chachu mwambieni nimemsikia," bibi alisema. Shemeji akarudi chini.

Mtathmini alikaribia kwa adabu, kalamu mkononi. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye maswali. Nilikusikia nikiwa ng'ambo ya ukuta."

"Ndiye mimi. Matatu nimeshayajibu. Kina thamani. Ni adimu. Jirani ameiga chachu na tanuri, mkono umemshinda. Limebaki moja." Akateremsha sauti. "Mama, wewe ukilala siku moja usiamke, nani ataokoa mkate huu? Mfundishe mkweo. Leo. Nikiona anaweza, naandika ndiyo."

Bibi alifumbua macho sasa. Yalikuwa mekundu.

"Nikimfundisha," alisema, "atakuwa anakuja kwake. Mimi nitabaki na nini?"

Mwanga ulikuwa umeshafika kwenye ukingo wa meza.

Mwokaji angeweza kuomba. Angeweza kusema Mama, jengo litachukuliwa, tutalala wapi. Alikuwa na hasira pia, hasira ya kunyimwa mumewe na mtu aliyelala upande wa pili wa ukuta, anayekula uji wake. "Mimi nilibaki na nini, Mama?" akasema, na sauti ikakatika. "Asubuhi zote nilikuwa nafika hapa nakuta ameshakuja ameshaondoka. Na wewe ulikuwa naye. Usingeniita hata siku moja?"

Bibi alimtazama. Kisha akalia, kimyakimya, chozi likadondokea aproni.

"Nilikuwa mchoyo," akasema. "Nilikuonea wivu. Uliishi naye akiwa mtu mzima, mimi nikabaki na picha zake za shule. Lete mkono."

Mwokaji akautoa wa kushoto. Bibi akamkunjia kidole cha pete kwa vidole vyake vikavu, akamwonesha mahali pa kuweka uzito. "Si bega. Kiuno. Mkono ni wa kupeleka salamu tu." Wakasogea kwenye donge la mbali, mama na mkwe, kiganja juu ya kiganja. Bibi akavuta kitambaa.

Akaganda.

"Nani kakunja hili?"

"Si wewe, Mama? Alfajiri?"

"Leo nimechelewa. Miguu iligoma. Ndio nafika sasa hivi, mmeniona wenyewe." Aliinama juu ya alama ya kiganja. "Na mimi siachi alama. Hujawahi kuona alama yangu, umewahi?"

Hapana. Hajawahi.

Bibi akauweka mkono wake mle ndani ya alama, polepole, kidole kimekunjwa. Mkono ukaelea humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Pande zote pamebaki nafasi.

"Huu si wangu," akanong'ona. "Huu ni mkono wa mwanangu."

Mtathmini hakutazama unga. Alikuwa ameshageuka kutazama stoo. "Ndugu," akasema, "hebu njoo hapa. Tangu uingie hujautoa mkono wa kushoto mfukoni. Gunia limekushinda kwa sababu hiyo. Utoe."

"Una kidonda."

"Tutakitibu."

Shemeji akatoka nyuma ya magunia, ametapakaa unga, unadhifu wote umekwisha. Akatazama mlango. Akamtazama mama yake. Kisha akautoa mkono.

Vidole vyote vilikuwepo. Lakini kile cha pete kilikuwa kimejikunja ndani ya kiganja, na kwenye mistari ya ngozi unga mbichi umekauka.

"Nilikuja kuumwaga," akasema. "Nilitumia ufunguo wa kaka. Nilitaka mgeni akute chano kitupu. Nikaanza na hili, nikautia mkono nilinyanyue donge... Mama, kidole kikajikunja chenyewe. Mkono ukaanza kukunja unga. Mimi! Mimi sijawahi kukanda unga maishani mwangu!"

"Basi kinyooshe," bibi alisema.

"Sijaweza. Tangu alfajiri kimekataa."

Bibi akamshika kifundo cha mkono, akamvuta mpaka kwenye chano, akaushusha mkono ule juu ya alama. Ukaingia barabara. Hakuna nafasi iliyobaki hata ya uzi.

Mwanga wa jua ulikuwa umefika ukingoni mwa ubao. Mtathmini alikuwa bado ameshika kalamu juu ya swali la nne.

"Ni wa nani?" akauliza. "Niandike huu mkono ni wa nani?"

Shemeji alikuwa amefumba macho, analia, bega lake limelegea. Lakini mkono wa kushoto ulinyanyuka kutoka kwenye unga, bila yeye, ukapiga ubao wa chano.

Pa. Pa. Pa.